UZI: Sauli na Daudi wote walikiri dhambi. Mwanaume Mkristo ajifunze toba kwa nani, na kwa hatua gani?

Mzee wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za "mwanaume wa Kikristo" humu huishia kwenye kutunza familia, kuongoza ibada ya nyumbani na kuwa na msimamo. Sina ugomvi na hayo. Ila toba huwa inatajwa kama tukio la siku mtu alipookoka, halafu inafungiwa kabatini. Hoja yangu: toba ya mwanaume hupimwa kwa inachomgharimu kwenye heshima yake na kwenye mfuko wake. Isipogusa hivyo viwili, mara nyingi ni majuto ya kukamatwa tu.

Fungueni 1 Samweli 15. Sauli ameagizwa asibakize kitu cha Waamaleki, yeye akamwacha hai mfalme Agagi na kubakiza kondoo na ng'ombe walionona. Mst. 12 unasema alikuwa amekwisha kujisimamishia mnara huko Karmeli. Samweli anafika, Sauli anamwahi kwa salamu kwamba agizo limetimizwa, na huku kondoo wanalia nyuma yake. Akibanwa, anasema ni watu waliowabakiza. Akibanwa tena, ni watu tena, na eti ni kwa ajili ya sadaka. Mst. 24 ndipo anakiri, ila anaambatanisha sababu: niliwaogopa watu. Mst. 30 anakiri mara ya pili, kisha anatoa ombi lake halisi: uniheshimu mbele ya wazee wa watu wangu. Hapo ndipo moyo wake ulipokuwa tangu mwanzo, kwenye picha ya mfalme machoni pa wazee.

Sasa 2 Samweli 12. Makosa ya Daudi ukiyaweka kwenye mizani ya kibinadamu ni mazito zaidi: amemchukua Bathsheba, amepanga Uria auawe vitani, amenyamaza mpaka mtoto amezaliwa. Nathani anamwambia "Wewe ndiwe mtu huyo." Jibu la Daudi kwa Kiswahili ni maneno matatu: "Nimemfanyia BWANA dhambi." Hakumtaja Yoabu aliyetekeleza, hakumtaja Bathsheba, hakuomba habari ibaki ikulu. Na angalieni kichwa cha Zaburi 51: imekabidhiwa kwa mwimbishaji, na kosa limetajwa waziwazi. Mfalme ameitoa aibu yake iimbwe ibadani.

Kwa utendaji, mwanaume anayetaka kutubu kosa alilomfanyia mtu afanye hivi:

Kwanza, aandike kabla hajasema. Karatasi moja: tendo lenyewe, lini, mbele ya nani, na mwenzake amepoteza nini. Walawi 5:5 inadai mtu akiri lile jambo lenyewe alilokosa. "Nimekuwa mume mbaya" haijakiri kitu, kwa sababu hakuna tendo ndani yake. "Nilichukua akiba ya ada bila kukuambia nikamkopesha rafiki" ni ungamo.

Pili, achague saa. Asiende usiku wa manane, wala mwenzake akiwa anatoka kwenda kazini, wala mbele ya watu ili apate huruma yao. Simu zizimwe. Dakika tano zinatosha. Ikizidi hapo, kwa kawaida ameanza kujitetea.

Tatu, sentensi zenyewe. Mfano: "Jumanne nilikuita mjinga mbele ya wageni. Nilikosa. Nimekuaibisha, na wageni wale leo nitawapigia niwaambie kwamba nilikosa. Naomba unisamehe." Halafu anyamaze. Kunyamaza huku ndiko kugumu kuliko yote, maana mwenzake anaweza kumwaga ya miaka mitatu, na yeye anatakiwa asikilize bila kusahihisha tarehe.

Maneno yanayoharibu ungamo mnayajua: "kama nimekukosea", "lakini na wewe", "ndivyo nilivyoumbwa", "shetani alinipitia". La mwisho hili ni la Edeni kabisa. Hawa alimtaja nyoka, na Adamu kwenye Mwanzo 3:12 alimtaja mkewe na Mungu aliyempa huyo mke, wote wawili kwa pumzi moja.

Nne, alipe kinacholipika. Hili linahitaji nafasi yake, nitarudi.

Tano, akubali matokeo bila kuyaita mateso. Daudi alisamehewa, lakini 2 Samweli 12:10 inasema upanga hautaondoka nyumbani mwake, na haukuondoka. Mwanaume anayesema "nimeshatubu, mbona bado ananiangalia hivyo" anataka toba imfanyie kazi ambayo haikuahidi.

Karibuni, wenye kuongeza na wenye kupinga.

---

Mkaidi wa Kweli

Mzee wa Zamu, maandiko umeyapanga vizuri, ila maisha ya ndani ya nyumba ni kitu kingine. Mwanaume akianza kuomba omba msamaha kwa mke na watoto anadharauliwa. Waefeso 5:23 imesema mume ni kichwa. Kichwa kikiinama kila siku, mwili utaelekea wapi? Toba ni kati yangu na Mungu. Daudi huyohuyo amesema Zaburi 51:4, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako."

---

Shemasi Mtaratibu

Mkaidi, huo mstari wa 4 unatumiwa vibaya sana na wanaume, ngoja tuuweke mahali pake. Daudi anaandika hivyo wakati Uria yuko kaburini. Hana mtu wa kumwendea. Anayetaka kuutumia kukwepa kumwomba msamaha mtu aliye hai na anayeishi naye chumba kimoja, amwonyeshe kwanza Uria wake. Na Yesu amelipanga hili kwa utaratibu kwenye Mathayo 5:23-24: umefika madhabahuni, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, sadaka iache hapohapo, uende ukapatane kwanza, ndipo urudi utoe. Hakusema maliza ibada kisha utaona.

Kuhusu kudharauliwa, someni Mwanzo 38 polepole. Yuda, mwana wa Yakobo, amemnyima Tamari mkwewe haki ya kuolewa na mwanawe Shela. Baadaye yeye mwenyewe anamwingilia akidhani ni kahaba, na kuacha rehani: muhuri, kamba yake na fimbo. Miezi mitatu inapita, anaambiwa mkweo ana mimba ya uzinzi. Hukumu yake inatoka papo hapo: mtoeni nje ateketezwe. Hakuuliza swali hata moja. Tamari akiwa anatolewa anatuma vile vitu vitatu na ujumbe: mwenye hivi ndiye mwenye mimba. Tambua, tafadhali, ni vya nani.

Yuda wakati huo ana mamlaka yote. Angeweza kusema vimeibwa. Akasema, "Yeye ni mwenye haki kuliko mimi," akataja na kosa lenyewe, kwamba hakumpa Shela mwanawe, na mstari unamalizia kuwa hakumjua tena. Ungamo lenye tendo, sababu, na kuacha. Mbele ya watu waliokuwa tayari na moto.

Sasa huyu alidharauliwa? Sura ya 37 ndiye aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu. Sura ya 44, mbele ya mtawala wa Misri, ndiye anayesimama na kusema nichukue mimi niwe mtumwa, kijana Benyamini arudi kwa baba yake. Na sura ya 49 ndiye anayepewa fimbo ya enzi. Ndugu zake walimfuata mtu aliyewahi kusema "nimekosa kuliko yeye".

Ukichwa wa Waefeso 5 nao umefafanuliwa mst. 25: kama Kristo alivyojitoa. Hiyo ndiyo kazi ya kichwa.

---

Dada Tegemeo

Naomba kuingia, maana upande wa wanaopokea hizo toba haujasemwa.

La kwanza, ile methali ya "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Aliyekosewa ana haki ya kuisema. Aliyekosa akiisema, anamfungia mwenzake mlango wa kuongea. Hivyohivyo na "yaishe basi".

La pili, machozi na kupiga magoti. Mwanaume akilia sana, mara nyingi mke ndiye anayeishia kumbembeleza, na jioni hiyo lililotendwa halijazungumzwa. Machozi yana nafasi yake, Petro alilia kwa uchungu kwenye Luka 22:62. Lakini kama ungamo linamlazimisha aliyeumizwa amtunze aliyeumiza, limegeuzwa. Afadhali mtu alie kwa Mungu kwanza, kisha aje akiwa ametulia.

La tatu, kudai jibu. "Nimeomba msamaha, sema umenisamehe, Biblia inakuamuru." Hapo toba imegeuka rungu. Ombi ni ombi. Aachiwe siku, aachiwe wiki, asipelekewe mchungaji wala mama mkwe wa kumshinikiza.

La nne ndilo kubwa. Kama kosa ni kupiga, mtiririko wa Mzee wa Zamu haufuatwi kama ulivyo. Huyo asimwendee mkewe faraghani kuungama. Usalama unatangulia: mke na watoto wawe mahali ambapo yeye hana ufunguo, na mawasiliano yapitie kwa mtu wa tatu. Kipigo ni jinai, na Warumi 13:4 imeshasema mamlaka haichukui upanga bure. Mathayo 18, ya kumwendea ndugu aliyekosa mkiwa wawili kwanza, haikuandikwa ili kanisa lifiche jinai. Mwanaume aliyetubu kweli kuhusu kipigo anaonekana kwa mambo haya: anasema "nilimpiga" bila kutaja alichofanya mke, hapingi mke kuondoka, hatumii watoto kupeleka salamu, anaendelea na ushauri nasaha hata baada ya kujua kwamba mke harudi. Hilo la mwisho ndilo linalowatenganisha. Wengi huacha ushauri siku wanayogundua hauwarudishii mtu nyumbani.

Kusamehe na kurudiana ni mambo mawili. La kwanza linaweza kutokea bila la pili.

---

Mzee wa Zamu

Dada Tegemeo, asante. Kwenye kipigo nakubali kabisa, hatua yangu ya pili na ya tatu haihusiki. Wanaosoma wazingatie.

Narudi kwenye kulipa. Torati ina viwango, na ni vizuri mwanaume avijue.

Walawi 6:1-7 inamzungumzia mtu aliyekana amana, aliyenyang'anya, aliyeokota kitu na kukana. Anarudisha kitu chote kamili na kuongeza sehemu ya tano. Yaani ukikana deni la 500, unarudisha 500 na nyongeza ya 100, jumla 600. Na angalieni mpangilio: anampa mwenyewe kwanza, kisha ndipo kondoo dume wa sadaka ya hatia analetwa. Hesabu 5:6-7 inarudia sehemu ya tano hiyohiyo kwa anayeungama. Mwizi wa mifugo alikuwa na hesabu nyingine, Kutoka 22:1: ng'ombe watano kwa mmoja, kondoo wanne kwa mmoja akiwa ameshamchinja au kumuuza.

Sasa njooni kwa Zakayo, Luka 19:8. Anakiri mwenyewe, hajashtakiwa. Angeweza kudai kiwango cha sehemu ya tano. Akajihesabia mara nne, na kabla ya hapo akatoa nusu ya mali kwa maskini. Alijipangia kiwango cha mwizi aliyekamatwa. Na Yesu akasema wokovu umefika nyumba hii. Malipo hayakuununua huo wokovu. Yalionyesha umefika.

Kwa mwanaume wa leo: chora safu nne kwenye daftari. Jina, kiasi au kitu, tangu lini, nitalipa lini. Anza na wale wasio na uwezo wa kukudai: kibarua uliyempunja, mjane, mdogo wako uliyekula fungu lake la urithi. Huna zote? Nenda na ratiba iliyoandikwa na lipo la kwanza mkononi. Kwenda na ahadi tupu kunamfanya aliyedhulumiwa apoteze mara mbili. Na usitoe sadaka kubwa kanisani kwa pesa ambayo ni ya mtu. Wapo wanaofanya hivyo ili wapumzishe dhamiri, na mwenye pesa bado anahangaika.

Jina la mtu nalo hulipwa. Uliyemchafua kwenye kundi la WhatsApp, msafishe kwenye kundi lilelile, kwa urefu uleule. Kumfuata faraghani wakati uwongo unaendelea kuzunguka hadharani ni nusu ya kazi.

---

Kijana Msomaji

Wakuu, nina maswali mawili ya jumla. Kwanza, mwanaume aliyezini amwambie mke kila kitu? Wengine wanashauri anyamaze ili asivunje nyumba. Pili, picha za ngono: ungamo kwa Mungu linafanyika kila usiku na kesho yake anarudi palepale. Inakosewa wapi?

---

Shemasi Mtaratibu

La kwanza. Mithali 28:13: "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa, Bali yeye aziungamaye na kuziacha atapata rehema." Uzinzi unamgusa mke mwilini mwake, kwa hiyo ana haki ya kujua mambo haya: ni nani, tangu lini, umekwisha au la, kuna mtoto, kuna pesa iliyotumika, kuna hatari ya ugonjwa. Maelezo ya kina ya kilichotendeka hayamsaidii. Akiuliza, ajibiwe ukweli kwa ufupi, maana picha zake hukaa kichwani mwake miaka.

Kosa kubwa ni kusema kidogo kidogo. Jumatatu "tuliongea tu", wiki ijayo "tulikutana mara moja", mwezi ujao ukweli. Kila kipande kipya kinamrudisha mke siku ya kwanza, na kinafuta yote aliyokuwa ameanza kuamini. Aseme yote mara moja, akiwa ameshakata uhusiano ule, si kabla. Ni vizuri awepo mshauri jirani, hata kama hayumo chumbani.

Kabla ya kuungana tena kimwili, wote wapime VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Maambukizi mapya yanaweza yasionekane mapema, kwa hiyo kipimo cha VVU hurudiwa miezi 3 baada ya mara ya mwisho ya hatari. Mwanaume anayeona aibu kwenda kupima bado analinda sura yake.

La pili, wengine wajibu.

---

Mwana wa Nuru

Nijibu hilo la picha. Linakosewa kwa sababu ungamo linafanyika palepale penye kosa, kwa Mungu ambaye yeye hamwoni kwa macho, kisha simu inabaki chini ya mto. Yakobo 5:16 inasema ungamianeni. Yaani awepo mtu mwenye macho.

Mambo ya kufanya, kwa wiki ya kwanza: simu ilale nje ya chumba, kengele ya kuamkia iwe saa ya kawaida. Programu zilizokuwa mlango zifutwe, na neno la siri la kizuizi alishike mtu mwingine. Andika saa na hali iliyotangulia kila anguko: njaa, hasira baada ya ugomvi, upweke, kukesha. Baada ya siku kumi na nne mpangilio huwa unaonekana, na mara nyingi kuna saa moja au mbili tu za hatari katika juma. Hizo ndizo za kulindwa. Mathayo 5:29-30 inazungumza kukata, na kukata kunahitaji kujua kiungo ni kipi.

Mtu wa kuungamia: mwanaume, aliyekomaa kuliko wewe, asiyekuogopa na asiyekutegemea kwa mshahara. Wawili wanaoanguka pamoja huishia kufarijiana. Siku maalumu ya juma, na maswali yawe makali. "Unaendeleaje kiroho?" inajibiwa "namshukuru Mungu" na kikao kimekwisha. Aulize: Umeangalia? Lini? Kwa kifaa gani? Kuna kitu umenijibu leo ambacho si kweli? Hilo la mwisho huokoa wengi.

Mke ajue, lakini asigeuzwe askari wa doria wa simu yako.

---

Mkatekista

Kwa upande wa Wakatoliki, Sakramenti ya Kitubio ina tendo la mtubu katika sehemu tatu: majuto, kuungama, na malipizi. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nne wa Laterano mwaka 1215 uliweka wajibu wa kuungama walau mara moja kwa mwaka. Kinachosahaulika ni kwamba ondoleo halifuti wajibu wa kurudisha: Katekisimu inasema wazi mali iliyoibwa irudishwe na jina lililochafuliwa lisafishwe. Kwa hiyo anayetoka kitubioni na ng'ombe wa jirani bado zizini hajamaliza.

Padre amefungwa na muhuri wa kitubio, hawezi kutoa siri kwa sababu yoyote. Hiyo humsaidia mwanaume mwenye aibu kuanza. Lakini kuanzia hapo, mke bado yuko nyumbani na hajaambiwa kitu.

Na kuhusu heshima ya wakubwa: mwaka 390 Kaisari Theodosio aliamuru adhabu iliyoishia kwa mauaji ya watu wengi Thesalonike. Askofu Ambrosio wa Milano alimnyima ushirika mpaka atubu hadharani. Kaisari wa dola ya Kirumi akavua mavazi ya enzi, akakaa kati ya watubu. Alibaki Kaisari.

---

Mkaidi wa Kweli

Hapo kwa Theodosio nimewaelewa kiasi. Lakini kuna aina nyingine ambayo hamjaigusa: mwanaume wa "samahani" kila saa, hana msimamo, akikosolewa anakubali kila kitu, watu wanasema ni mnyenyekevu. Huyo ndiye mnataka tuwe?

---

Mzee wa Zamu

Hapana, na umeuliza vizuri. Yohana 13:3-5 inaanza kwa kusema Yesu alijua Baba amempa vyote mikononi mwake, kisha ndipo anajifunga kitambaa na kuosha miguu. Anajua alivyo navyo, anachagua kuviweka chini. Mtu asiyeweza kusema hapana hajaweka chini kitu, hakuwa nacho. Musa kwenye Hesabu 12:3 ni mpole kuliko watu wote, na ndiye huyohuyo aliyesimama mbele ya Farao.

"Samahani" ya kila saa kwa kawaida ni njia ya kumaliza mazungumzo. Kipimo chake ni rahisi: mwulize anaomba samahani kwa tendo gani. Akishindwa kulitaja, alikuwa anataka ukelele uishe.

Kipimo cha unyenyekevu ninachokiamini mimi ni kuangalia nani anaweza kumkosoa mtu huyu akabadilika. Daudi alikuwa njiani na wanaume 400 wenye panga kwenda kumwua Nabali, 1 Samweli 25. Abigaili, mwanamke, mke wa adui yake, akamzuia barabarani kwa maneno. Daudi akambariki na kurudi. Naamani, jemadari, alikataa kuoga Yordani mpaka watumishi wake walipomsemesha, akashuka mara saba. Musa alirekebishwa na mkwewe Yethro namna ya kuamua kesi. Apolo, mhubiri hodari, alielezwa njia ya Bwana kwa usahihi zaidi na Prisila na Akila. Petro alipingwa na Paulo uso kwa uso mbele ya wote huko Antiokia, Wagalatia 2, na baadaye kwenye 2 Petro 3:15 anamwita "ndugu yetu mpenzi".

Kwa hiyo chukua kalamu: mke, mtoto, mfanyakazi aliye chini yako, mdogo wako, mkwe. Nani kati yao alikurekebisha mwaka huu na ukabadili kitu? Nafasi zikibaki wazi, wote hao hawajakosa la kusema. Wameacha kusema.

---

Dada Tegemeo

Kwenye kutaja tendo, niongezee watoto. Baba aliyempiga mtoto kwa hasira au kumwadhibu kwa kosa la mwingine, akae chini macho yalingane, ataje tendo: "Nilikuchapa kwa kosa ambalo hukufanya." Asiunganishe na somo ("lakini na wewe uwe unasema mapema"). Asinunue zawadi jioni hiyo, maana mtoto hujifunza kwamba msamaha una bei. Asimlazimishe kusema "nimekusamehe baba". Na kama alimchapa mbele ya ndugu zake, amwambie mbele ya ndugu zake. Wakolosai 3:21 inawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wakakata tamaa.

---

Kijana Msomaji

Na kiongozi wa kanisa aliyeanguka? Akitubu Jumapili anaweza kuhubiri Jumapili inayofuata?

---

Shemasi Mtaratibu

1 Timotheo 5:19-20: shtaka juu ya mzee lisipokewe ila kwa mashahidi wawili au watatu, na wanaodumu kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Msamaha anaupata siku hiyohiyo. Mimbara ni kitu kingine, maana 1 Timotheo 3 inataka asilaumike na ashuhudiwe mema na walio nje, na ushuhuda haupatikani kwa juma moja. Akitubu kweli, yeye ndiye anayeomba kupumzishwa. Akianza kuuliza atarudi lini kabla waliojeruhiwa hawajasikilizwa, wazee wana jibu lao.

Ila upande wa pili upo pia. 2 Wakorintho 2:6-8, Paulo anawaambia yule aliyeadhibiwa imetosha, mfarijini asije akamezwa na huzuni. Kanisa lisilojua kusema "imetosha" linawafundisha wanaume kuficha.

Na ungamo la hadharani lifuate upana wa kosa. Ndugu wa Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 waliungama mbele ya kundi wakiita kutembea nuruni, na matunda yalikuwa makubwa. Lakini kusimulia kosa la wawili mbele ya mia mbili kunaweza kumwanika mtu wa pili ambaye hakuombwa ruhusa. Jina na siri ya mwingine si mali yako kuitoa ushuhuda.

---

Mwana wa Nuru

Swali limekuja faraghani, nimeombwa nililete hapa: kama uliyemdhulumu amefariki, unalipaje?

---

Mzee wa Zamu

Hesabu 5:8 imelifikiria hilo. Malipo yanakwenda kwa jamaa wa karibu wa marehemu. Asipokuwepo jamaa, yanakwenda kwa Bwana, yaani kwa kuhani. Hakuna mahali yanaporudi mfukoni mwa aliyedhulumu.

Kwa utendaji: tafuta warithi, wote, usimpe mmoja unayefahamiana naye. Waambie kiasi, sehemu ya tano juu yake, na kilitokana na nini. Andika makaratasi mawili, yasainiwe na mashahidi, moja ubaki nalo. Jiandae kusikia ambayo marehemu aliwasimulia juu yako. Kama hakuna mrithi, mpe mtu wa aina ileile uliyemdhulumu: kama alikuwa mjane, mjane. Peleka bila jina lako. Kama ulichochukua kwa marehemu kilikuwa jina lake zuri, warithi na majirani waliosikia uwongo wako wapo. Anza na aliyeusikia wa kwanza.